Jozi ya Tatu Mlangoni

Anifa alichora jozi mbili za makubadhi. Mbili tu: moja ya kiume, moja ya kike, zimevuliwa kwa adabu pembeni mwa mlango wa jumba la sultani, kama viatu vinavyovuliwa kwenye mlango wowote wenye watu ndani. Jumatatu alipowasha kompyuta zilikuwa tatu.

Jozi ya tatu ilikuwa ya ngozi nyeusi, kubwa kuliko zote, imejipachika katikati kama mgeni wa harusi asiyealikwa. Anifa aliivuta picha karibu mpaka rangi zikaanza kukatika vipande vipande. Kubadhi lililovaliwa hubaki na alama: kisigino, dole gumba, vidole vingine vinne. Haya yalikuwa na alama, ila si hizo. Kila moja lilikuwa na mbonyeo mmoja wa duara uliopasuka katikati, kama vile aliyeyavaa ni ng'ombe.

"Severine," aliita. "Umegusa mashine yangu wikiendi?"

Severine ndiye aliyekuwa mtu wa sauti pale ofisini, Mchaga wa Rombo, mwembamba, kazi yake kutwa kusikiliza. Akatoa hedfoni sikio moja. "Nikaguse mashine yako nipate nini? Hata mausi yake ina kichaa."

"Kuna mtu kaongeza viatu kwenye picha."

"Basi mshukuru. Ofisi hii hakuna mtu aliyewahi kuongezewa kitu."

Anifa aliifuta ile jozi. Akajiambia ni uchovu, na uchovu alikuwa nao wa kutosha kujiambia lolote.

Kazi aliyokuwa akiifanya kwa Kizungu inaitwa matte painting. Kwa Kiswahili haina jina, na Bongo kitu kisicho na jina ni chepesi sana kuibiwa. Iko hivi. Waigizaji wanasimama mbele ya kitambaa cha kijani, ndani ya chumba chenye joto la tanuri, ghorofa ya nne, Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, lifti mbovu, chini wanauza vitenge na spika ya mmachinga inarudia bei ile ile mpaka unaiota. Wewe mtazamaji uliyekaa kwako na chai huoni kitambaa. Unaona jumba la sultani lenye baraza na madirisha ya mbao, unaona minazi, unaona mawingu yamejaa mvua. Unasema, aisee, Watanzania tumefika mbali. Hatujafika popote. Ni mkono wa Anifa. Alipiga picha ukuta wa nyumba ya zamani ya Kariakoo siku ile ile inabomolewa ijengwe ghorofa, akachukua mabaka ya chokaa, akachukua mawingu ya Jangwani, akashona, akapaka, akatia kivuli, likatoka jumba. Na alichora lile tu ambalo kamera inaliona. Nyuma ya mlango hakukuwa na chumba. Ngazi zilipanda zikaishia hewani.

Alikuwa na digrii ya sanaa. Upper second. Kwa miaka mitatu kazi ya digrii hiyo ilikuwa kutolewa fotokopi, kupigwa mhuri na wakili, na kufungiwa vitumbua na mama yake pale Buguruni. Kila ofisi ilitaka uzoefu, na uzoefu wenyewe ulikuwa umefungiwa ndani ya ofisi hizo hizo. Ndipo akatokea Khalfani.

Khalfani ndiye bosi. Alipenda kuitwa Dairekta. Alikuwa na ofisi ya vioo mwisho wa korido, kiti cha ngozi, taa ya mezani ya shaba, picha yake mwenyewe ukutani akijitazama, na viatu vya moka vya Italia ambavyo hakuwahi kuvivua mahali popote, hata kwenye zulia la watu. Alikwenda redioni, akaenda kwenye televisheni, miguu juu ya miguu, akasema: "Lile jumba nimelijenga mwenyewe. From scratch. Usiku na mchana." Mwisho wa kila kipindi maandishi yakapanda: Mandhari na Khalfani Sudi. Wageni wakija akawaonyesha Anifa kwa kidevu. "Huyu ni msichana wetu wa kompyuta."

Studio moja ya Nairobi ililiona jumba. Wakamtafuta aliyelichora mpaka wakampata, wakaandika kwa ustaarabu kabisa: kazi ipo, tunaomba tu tuone kipindi kimoja chenye jina lako. Kimoja. Anifa aliisoma barua pepe ile akiwa amesimama, kisha akaenda mwisho wa korido.

"Jina?" alisema Khalfani. "Jina linaliwa? Wewe bado unakua, pata exposure kwanza."

"Exposure ya nani, bosi, kama jina halipo?"

"Unaona sasa. Ukali huo haumpendezi mtoto wa kike." Akarudi kwenye simu yake. "Tutaliangalia."

Hiyo ilikuwa mara ya kumi au ya ishirini. Tutaliangalia. Kuna watu wameota mvi wakiangaliwa.

Na makubadhi yale yalitokana na huyo huyo. Wiki moja kabla alisimama nyuma ya kiti cha Anifa akitafuna korosho, akasema picha imekufa. "Tia uhai. Washa taa dirishani. Mlango uache wazi kidogo. Weka na viatu, mtu aone kuna wenyewe." Anifa akawasha taa, akafungua mlango, akaweka viatu. Nyumba ikaonekana inasubiri watu.

Jumanne jozi ya tatu ilirudi. Safari hii ilikuwa imegeuzwa, ncha zikitazama ndani.

Mchana wa siku hiyo, jua likiwa utosini, Severine alitaka kurekodi ukimya. Watu wa sauti wana desturi hiyo: kila chumba kina kimya chake, nao hukirekodi ili wakibandike chini ya maneno ya waigizaji. Feni zikazimwa. Wote wakabana pumzi. Hata ile spika ya chini ilinyamaza, pengine betri. Baada ya hapo Severine akakaa na hedfoni, akasikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akamwita Anifa kwa kidole. Hakuwa na uso wa utani.

"Sikiliza. Usiseme kitu mpaka iishe."

Mwanzoni hapakuwa na kitu, ni ule uvumi wa chumba kitupu. Kisha fagio. Fagio la chelewa kwenye sakafu ya udongo, polepole, mtu anafagia ua mkubwa ambao hana haraka nao. Likasimama. Kisha karibu sana, karibu kama mtu anayeazima sikio lako, sauti isiyo ya kiume wala ya kike ikasema: "Hodi. Wenyewe wapo?"

Anifa alivua hedfoni akaziweka mezani kama anaweka yai.

"Nani aliongea?"

"Ulikuwepo," Severine alinong'ona. "Nani aliongea?"

"Labda jengo la pili."

"Jengo la pili wanauza mabegi ya shule. Nani anafagia na chelewa ghorofani, dada'angu? Sakafu yenyewe marumaru." Akajifuta jasho la mdomoni. "Mimi nimesali Jumapili. Nakwambia mapema, mimi nimesali."

Baada ya hapo ilikuja harufu. Ilitoka kwenye matundu ya kompyuta ya Anifa, pale feni inapopumulia: kwanza udi, udi mzuri wa harusi, ukaupenda, ukauvuta, halafu chini ya udi chokaa mbichi, na chini ya chokaa kitu kama nywele zilizolowa. Anifa akasogeza kiti. Harufu ikasogea.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Amira, mwigizaji aliyecheza bibi harusi wa sultani. Alitakiwa atembee hatua chache kuelekea kwenye fito mbili zilizosimamishwa mbele ya kitambaa cha kijani, apite katikati yake, basi, kwenye picha ingeonekana anaingia jumbani. Khalfani akasema action. Amira akatembea, mkono mbele kidogo, kama bibi harusi anayeogopa giza la nyumba ya watu, na alipofika kwenye fito mkono ule ukanyooka wenyewe, ukanyooka zaidi ya anavyoweza kuunyoosha mtu, bega likamfuata mkono na shingo ikafuata bega, kama vile upande wa pili kuna mwenyeji mchangamfu aliyemshika na kumvuta ndani akisema karibu, karibu, mbona umesimama mlangoni, na nyuma ya zile fito, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa kitambaa na ukuta na nyuma ya ukuta mtaa mzima wa Kariakoo unaouza na kununua, kitambaa kikabonyea kwa ndani kama mdomo unaovuta uji.

Severine ndiye aliyemdaka kiunoni. Walianguka wote wawili.

Amira hakulia. Aliutazama mkono wake. Kuzunguka kifundo palikuwa na alama ya chokaa nyeupe, kiganja kizima. Walimsugua kwa sabuni, kwa spiriti, kwa limau. Haikutoka.

"Ameniuliza jina la mwenye nyumba," alisema, sauti ndogo kabisa. "Nikamwambia sijui. Akasema basi kaa mpaka ukumbuke."

Akachukua pochi yake akashuka ngazi na nguo ya harusi ya watu mwilini. Ijumaa hakuna mwigizaji aliyetokea. Khalfani akazunguka na simu akiwaita wote washamba, karne hii, vijana wasomi, superstition, ila Anifa aliona jinsi anavyoongea: mgongo ameuegemeza kwenye kioo, asiuachie.

Jumapili mama yake Anifa alikuwa uani Buguruni akichagua mchele. Bi Zulekha alitoka Newala akiwa na mimba ya huyo huyo Anifa, na toka hapo alikuwa amepanga vyumba vingi kuliko anavyoweza kuvikumbuka. Anifa akamsimulia yote. Mama hakuinua macho kwenye ungo.

"Humo kwenye kompyuta umejenga nyumba ngapi?"

"Nyingi, mama. Ila hilo jumba ndilo kubwa."

"Nani amelala humo?"

"Mama, ni picha."

"Nimeuliza nani amelala."

"Hakuna mtu."

"Ubani?"

"Mama."

"Dua hata ya kinafiki? Mchele wa kumwaga mlangoni?" Bi Zulekha akaupiga ungo, pumba zikaruka. "Hata mimi na umasikini wangu, chumba cha kupanga, siingii mpaka nimefukiza. Nyumba isiyolala watu hailali tupu, Anifa. Wewe umejenga jumba, umewasha taa, umeacha mlango wazi, ukaweka na viatu. Sasa unashangaa kwamba kaja mtu?"

"Alisema Khalfani niweke."

"Khalfani amesoma?"

"Ana diploma ya masoko."

"Haya," alisema mama, kama vile jibu lote limo humo.

Jumatatu kituo cha televisheni kilimpigia Khalfani kuuliza kipindi kiko wapi. Saa ile ile neno ushamba likamwisha mdomoni. Magharibi ya siku hiyo aliingia Mwalimu Rajabu wa Ilala, msoma dua aliyemwita mwenyewe, kanzu safi, miwani, mkoba wa ngozi ya bandia. Alipanda ghorofa zote nne akihema, akamwomba Khalfani maji, akamwomba na avue viatu. Khalfani akajifanya hakusikia.

Chetezo kiliwekwa juu ya rimu ya karatasi za printa. Mwalimu akasoma. Aliposoma kwa muda, taa zikapungua nguvu zikawa njano, na kompyuta ya Anifa, ambayo ilikuwa imechomolewa kwenye umeme kwa sababu Khalfani alitaka hivyo, ikajiwasha. Jumba likatokea. Madirisha yote yalikuwa yanawaka. Anifa hakuwahi kuyawasha yote.

Kwenye spika za Severine fagio likaanza. Likafagia, likafagia, likakaribia. Likasimama.

"Hodi. Wenyewe wapo?"

"Karibu kwa amani," alijibu Mwalimu Rajabu. "Mja wa Mungu, umewaudhi watu. Unataka nini?"

"Wenyewe wapo?"

Mwalimu akawageukia. "Huyu hana ugomvi na kitabu changu. Ni mpangaji. Amekuta nyumba tupu akaingia, na sasa anataka kumjua mwenye nyumba. Mwenyewe anajitaja, anampa ruksa akae, au anamwonyesha pa kwenda. Asipojulikana mwenyewe, mpangaji anafanya anavyotaka, na kila anayepita mlangoni anamuuliza. Sasa mwenye jumba hili ni nani?"

Kimya. Severine alikirekodi kile kimya, mkono ulienda wenyewe.

"Si bosi?" alisema Severine kwa upole mkubwa. "Bosi alisema redioni. From scratch."

Mtu aliyekuwa akisema mimi kwenye redio, mimi kwenye televisheni, mimi kwenye harusi za watu, alilitafuta neno hilo mdomoni hakuliona. Kwenye skrini mlango wa jumba ukafunguka kidogo zaidi.

"Mimi," akasema, "mimi ni mratibu tu. Naratibu." Kidole kikainuka. "Kajenga huyu. Anifa. Anifa Nandonde. Kila kitu kajenga huyu, tangu mwanzo, mimi hata programu yenyewe siijui kuifungua."

Kumbe alilijua. Jina lote, na la ukoo, bila kukosea. Siku zote hizo alikuwa akilijua.

"Kusema humu hakutoshi," Mwalimu alisema. "Ulitangaza kwa watu kwamba ni lako, naye amesikia. Utangaze kwa watu kwamba ni la huyu."

"Hata kesho. Ijumaa linatoka. Herufi kubwa, peke yake, hata muziki nitaweka."

Anifa alicheka. Kicheko kilimtoka kibaya, kama kikohozi. Mwalimu Rajabu akamvuta pembeni, karibu na dirisha, chini wamachinga wanafunga maturubai.

"Binti, usipokee kwa hasira. Jina likishatajwa atakuja kwako, ni haki yake. Akibisha hodi mjibu, usipomjibu ataingia, na nyumba yenyewe ina mama. Unaweza kukataa. Kataa, huyu bwana abebe uongo wake."

"Nikikataa, jina langu litatoka lini?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa kanzu.

"Akija nimwambie nini?"

"Mwenye nyumba hafundishwi cha kumwambia mpangaji. Ila usimfukuze hivi hivi. Asiyeonyeshwa pa kwenda analala pale pale alipofukuziwa."

Bi Zulekha alimsihi siku zote zilizobaki. Kataa mwanangu, Nairobi ni nini, jina ni nini, hata vitumbua vina jina na vinaliwa. Anifa alisema, "Mama, nimeliomba kwa upole, nimeliomba kwa barua, nimeliomba kwa machozi nikiwa chooni pale ofisini maji yakimwagika ili wasisikie. Leo amenipa kwa sababu lina moto. Nitalipokea na moto wake."

Ijumaa mchana Khalfani akaenda kuswali, ghafla amekuwa mtu wa swala, na Severine akashuka kula. Anifa akachukua kamera akaenda mwisho wa korido. Akasimama mlangoni pa ofisi ya vioo, akapiga picha. Kiti cha ngozi. Taa ya shaba. Yule Khalfani wa ukutani anayejitazama. Akarudi kwenye mashine akachora, na hakuwahi kuchora vizuri vile maishani mwake. Kila mshono wa kiti. Alama ya glasi mezani. Akawasha taa. Mlango akauacha wazi kidogo. Akachora lile tu ambalo kamera iliona, kama kawaida, akahifadhi. Mlangoni hakuweka viatu. Aliacha nafasi.

Kipindi kilitoka jioni, baada ya magharibi. Wapangaji wote wa nyumba ile ya Buguruni walijazana chumbani kwa Bi Zulekha, kandambili zao zimerundikana kizingitini. Sultani akasema maneno yake, jumba likang'ara, muziki ukapanda, na skrini nzima ikawa nyeusi yenye maandishi meupe makubwa: Jumba hili limejengwa na Anifa Nandonde.

Vigelegele. Mtu akampiga Anifa mgongoni. Jirani akasema, "Sasa ndiyo kusoma huko, siyo kila siku mavyeti." Anifa aliyatazama maandishi yale akasubiri furaha. Ilikuja ndogo, ikakaa pembeni. Mama yake alikuwa na tasbihi mkononi wala hakushangilia.

Kisha picha ikaganda. Haikuzimika: ilibaki pale pale na jina pale pale, ila sauti ikaondoka, na si sauti ya televisheni peke yake, hata vigelegele vikakatika midomoni mwa watu ikabaki midomo iliyo wazi, na kelele za sokoni Buguruni, ambazo Anifa alikuwa hajawahi kuzikosa tangu azaliwe, zikaondoka kama maji yanayoondoka beseni, ukabaki ule uvumi wa chumba kitupu anaoujua Severine, na ndani ya uvumi ukaingia udi, na nyuma ya udi chokaa mbichi, na nyuma ya chokaa zile nywele zilizolowa, na uani, pale mama anapochagulia mchele, fagio la chelewa likaanza kufagia kuja mlangoni, bila haraka, likifagia kila pembe kama mtu anayepakagua mahali anapotaka kukaa, mpaka likafika kizingitini likasimama kwenye lundo la kandambili, na Anifa alipotazama chini aliona katikati ya zile za bluu na nyekundu jozi moja nyeusi ya ngozi, ncha zikitazama ndani.

"Hodi," ilisema sauti. "Wenyewe wapo?"

Mama yake alimkaza mkono. Anifa alihisi kucha.

"Tupo," alijibu. Sauti ilimtoka ndogo, akaikaza. "Mwenye jumba ni mimi."

"Nyumba nzuri." Lilikuwa neno la mtu anayejua nyumba. "Una mkono, fundi."

Miaka yote ile, na aliyelisema ni huyu. Anifa aliogopa atalia mbele yake kwa hasira.

"Humu pamejaa," akasema. "Nimekujengea pengine. Kuna kiti cha ngozi. Kuna taa inawaka. Mlango uko wazi."

Sauti ikauliza, kama mtu anayetabasamu gizani: "Mwenyewe atakuwepo?"

Mama akatikisa kichwa. Usifanye, mwanangu. Midomo yake ilisema hivyo bila sauti.

"Atakuwepo," alisema Anifa.

Kelele za Buguruni zikarudi zote kwa mkupuo. Watu wakamalizia vigelegele vyao kana kwamba hakuna kilichokatika. Kizingitini zilibaki kandambili tu.

Jumamosi asubuhi Severine alipiga simu. Alikuwa anahema.

"Uko wapi? Usije. Au njoo. Sijui. Nipo koridoni. Ofisi ya bosi taa inawaka."

"Bosi yupo?"

"Ndiyo nakwambia. Mlinzi anasema aliingia jana jioni kukitazama kipindi kwenye televisheni yake, hajatoka. Mimi naona ndani kwa kioo, Anifa, naona kiti, naona taa, mtu hayupo. Lakini mlangoni... Mlangoni kuna makubadhi meusi. Na pembeni yake kuna moka. Za Italia. Zimevuliwa vizuri, zimepangwa."

Anifa alifungua kompyuta yake ndogo, yenye nakala za kazi zake, pale mkekani. Akafungua lile jumba: makubadhi mlangoni jozi mbili, taa moja dirishani. Shwari. Akafungua ile picha ya ofisi. Kiti cha ngozi kilikuwa kimebonyea. Ukutani fremu ilikuwa tupu. Na chini kabisa, nyuma ya mguu wa meza, palikuwa na kitu kidogo cha rangi ya shati la Khalfani, kimejikunyata, ambacho Anifa hakukichora.

Simu ikaita tena. Jina la Khalfani.

"Anifa." Alikuwa ananong'ona. "Anifa, dada'angu. Kuna mtu amekaa kwenye kiti changu. Simwoni. Kiti kinalia tu. Nafungua mlango nitoke, natokea humu humu. Nimefungua usiku kucha. Hakuna kitu huko nje. Hukuchora korido, Anifa. Hukuchora ngazi."

Nyuma ya sauti yake fagio lilikuwa linafagia, polepole, sakafu ya ofisi.

"Nani alijenga jumba, bosi?"

"Wewe. Wewe, wallahi, Anifa Nandonde, from scratch, nitasema popote. Chora ngazi. Chora hata dirisha. Nakuomba kama mama yangu."

Bi Zulekha alikuwa amesimama mlangoni na ungo mikononi, anamtazama binti yake kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama. Anifa aligeuza uso. Kalamu ya kompyuta ilikuwa pale, karibu na mkono. Ngazi si kazi kubwa. Kwa mtu mwenye mkono kama wake ni kazi ya asubuhi moja.

Alifungua barua pepe ya Nairobi, akabandika kiungo cha kipindi chenye jina lake, akatuma. Ndipo akarudisha simu sikioni.

"Tutaliangalia, bosi," akasema.